Kuuza shamba ulilogawiwa na kijiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya hurudi kila mwaka kuanzia Juni, wakati mikorosho inataka salfa ya kupulizia na mfukoni hakuna kitu. Ndio msimu ambao mashamba ya Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa hubadilisha mikono kwa karatasi za daftari. Majibu yanahusu ardhi ya kijiji, yaani mashamba ambayo watu waligawiwa na serikali ya kijiji au wakati wa kuhamishiwa vijijini. Viwanja vya mjini vina njia yake, na tumevigusa mwishoni tu.

## Msingi

Shamba nililogawiwa na kijiji ni langu au la Serikali?

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001. Ulicho nacho wewe ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa mila, inayoitwa hakimiliki ya kimila.

Wapo wanaosikia hivyo wakadhani wanakaa kwa hisani. La hasha. Mwaka 1994, kabla hata ya sheria hizi, Mahakama ya Rufani iliamua katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo unaweza kuirithisha, kuikodisha na kuihamisha. Kuihamisha ndiko kwenye mipaka, na ndiyo habari ya ukurasa huu.

Tulihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji tukapewa mashamba kwa kuonyeshwa kwa mkono. Hatuna karatasi. Haki ipo?

Ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 kwa watu waliohamishiwa vijijini, hata kama wakati ule ulifanyika bila kufuata sheria yoyote. Shamba ambalo bibi yako alionyeshwa na balozi wa nyumba kumi mwaka 1974 ni lake kihalali, na aliyekuwa analilima kabla ya hapo hawezi kurudi leo akasema "hii ilikuwa ya babu".

Kinachosumbua ni ushahidi. Mashahidi wa 1974 wanazidi kupungua. Kama wazee waliokuwepo bado wako hai, waende ofisi ya kijiji, maelezo yao yaandikwe na wasaini kabla hamjafikiria habari ya mnunuzi.

Bila hati ya kimila siwezi kuuza?

Unaweza kuhamisha haki yako hata bila hati, maana hati inaithibitisha tu haki ambayo tayari unayo. Ila bila hati, mipaka ni maneno ya jirani, na mnunuzi mwenye akili atakupunguzia bei kwa sababu hiyo hiyo. Hati ikishatolewa, sheria inaipa hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa ya mjini.

## Nani anaweza kununua

Nimepata mteja kutoka Dar es Salaam. Naruhusiwa kumuuzia?

Inategemea anakuja kufanya nini. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu haki ya kimila kuhamishiwa kwa raia au kikundi cha raia, lakini kinamtaka awe mtu anayeishi au kufanya kazi kijijini, au anayekuja kuishi au kufanya kazi hapo. Anayetaka kulima mwenyewe, au kuweka msimamizi na kuliendeleza shamba, ana hoja ya kupeleka mbele ya halmashauri ya kijiji. Anayetaka kununua ekari 30 azifungie waya asubiri bei ipande hana hoja, na mauziano ya namna hiyo yanaweza kutamkwa batili hata kama pesa imeshalipwa na kuliwa.

Kifungu hicho hicho kinabatilisha uhamisho unaomnyima mwanamke ardhi anayostahili kuimiliki au kuirithi. Hili linasahaulika sana, na ndilo linaloangusha mauziano mengi ya huku kwetu. Tazama swali la mke na mume, na la ukoo.

Mnunuzi ni mgeni kutoka nje ya nchi, au ni kampuni yake.

Hapana. Asiye raia hapati hakimiliki ya kimila, wala wewe huna mamlaka ya kumpa. Ardhi kwake ni ya uwekezaji tu, na hupitia mamlaka ya uwekezaji ya Taifa baada ya ardhi hiyo kutolewa kwenye ardhi ya kijiji na kuingizwa kwenye ardhi ya jumla, yaani ardhi ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi.

Ujanja unaotumika ni kuweka jina la Mtanzania kwenye karatasi huku pesa na maamuzi vikiwa vya mgeni. Ukiuza kwa mpango huo umeuza kwa mtu ambaye kesho atakana au atafariki, na hutajua unamdai nani.

Kijiji kinaweza kumgawia mtu mmoja ekari ngapi?

Kwa kanuni za ardhi ya vijiji, halmashauri ya kijiji inaishia hekta 20, karibu ekari 50. Zaidi ya hapo suala linapanda halmashauri ya wilaya, na likizidi hekta 50 linafika kwa Kamishna wa Ardhi. Usikubali hadithi ya kijiji "kilichomkatia" mtu ekari 300 kwa kikao kimoja.

Na ardhi kubwa ya mwekezaji, nani anaamua?

Kuitoa ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla ni mamlaka ya Rais. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri mwenye dhamana ya ardhi huamua baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Kuna la kukumbuka hapa: ardhi ikishahama hairudi kijijini yenyewe mradi ukifa. Wazee wa Nachingwea wanajua, maana mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulikufa mapema, na ardhi yake ikaendelea kuwa na wenyewe wengine.

## Saini, mihuri na ridhaa

Mwenyekiti amesaini na mtendaji amegonga muhuri. Si inatosha?

Haitoshi, na hili ndilo swali linaloleta machozi kuliko yote.

Karatasi yenyewe tunaijua. Ni ukurasa wa daftari la shule uliochanwa katikati, "Mimi fulani nimemuuzia fulani shamba langu lililopo Mkwajuni, mikorosho 40", mashahidi wanne, dole gumba la muuzaji kwa wino wa bluu, na muhuri wa kijiji umegongwa juu ya saini ya mwenyekiti mpaka jina halisomeki. Hakuna kipimo cha mpaka wala tarehe ya kikao. Mwenyekiti aliitwa nyumbani jioni, akapewa chochote, akasaini.

Mwenye mamlaka juu ya ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25. Mwenyekiti ni mmoja wao. Maombi yako ya kuhamisha haki yaingie kwenye kikao chenye akidi, yajadiliwe, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari. Mahakama ya Rufani imeshatengua mauziano ya ardhi ya kijiji kwa sababu halmashauri ya kijiji haikuidhinisha, kwa hiyo hili si jambo la vitabuni tu. Omba nakala ya muhtasari pamoja na orodha ya mahudhurio. Ukiambiwa daftari la mihutasari limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amesafiri, subiri arudi ndipo mlipane.

Watu wengi huchanganya na mkutano wa kijiji, ule wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Huo unahitajika kijiji kinapogawa ardhi mpya: halmashauri haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano. Kwa hiyo, ukinunua kwa mwanakijiji uliza muhtasari wa halmashauri. Ukigawiwa na kijiji, uliza muhtasari wa mkutano.

Mwenyekiti anadai asilimia kumi ya bei.

Hakuna sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti asilimia ya shamba lako. Kijiji kinaweza kuwa na ada kwenye sheria ndogo zilizopitishwa, nayo hulipwa kwa risiti na kuingia mfuko wa kijiji. Uliza sheria ndogo uione. Isipokuwepo, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wana ofisi mkoani na wilayani.

Ni lazima mke au mume akubali?

Ndiyo, kwa nyumba ya familia na kwa shamba ambalo mwenzi amelichangia kwa jasho lake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 161, inamtambua mwenzi aliyechangia kuzalisha au kuendeleza ardhi kuwa ana sehemu yake humo.

Kupalilia mikorosho, kuokota na kubangua ni mchango. Mwanamke aliyeamka alfajiri misimu kumi kuokota korosho asiambiwe kwamba shamba ni la mume kwa sababu jina ni la mume. Mwenye wake zaidi ya mmoja anahitaji ridhaa ya yule ambaye shamba linamhusu, na ukiwa na shaka waite wote.

Shamba ni la ukoo. Mjomba anasema bila yeye haliuzwi.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamerithishana ardhi kwa upande wa mama kwa vizazi, na mjomba ana sauti. Sheria inaitambua mila hiyo pale isipogongana na haki. Kama shamba halijagawanywa kwa watu binafsi na bado ni la ukoo, mjomba ana haki ya kuzuia mtu mmoja asiuze peke yake. Kikao cha ukoo kikae, kiandike.

Lakini mjomba naye hana ruhusa ya kuliuza kwa siri, wala kusema binti wa ukoo hana fungu. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi. Inashangaza kidogo kuona ukoo unaohesabu damu kwa mama ukiwafungia mlango akina mama pesa ikitajwa, lakini hutokea.

Kuna kodi?

Faida ya kuuza ardhi hutozwa kodi ya mapato. Shamba la kilimo la mtu binafsi lenye thamani chini ya Sh10 milioni, lililotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, limesamehewa. Mashamba mengi ya vijijini yanaangukia hapo. Kwa lililozidi, pita TRA kabla ya kuandikishana.

## Mikorosho, rehani na kangomba

Naweza kuuza mikorosho bila kuuza ardhi?

Unaweza kuuza mavuno, au kukodisha mikorosho kwa muda. Tatizo ni lugha tunayotumia. Mtu anasema "nimemuuzia mikorosho 25" akimaanisha misimu mitatu ya kuokota, na mwenzake ameshika karatasi iliyoandikwa "nimenunua shamba". Mkishaenda baraza la ardhi, karatasi ndiyo inayozungumza.

Andikeni hivi: idadi ya mikorosho, misimu mingapi (taja mwaka wa mwanzo na wa mwisho), nani anapulizia, nani anapalilia, na sentensi moja ya wazi kwamba ardhi inabaki kwa mwenyewe. Andikeni pia kwamba aliyekodi haruhusiwi kupanda mti wa kudumu. Ukimwachia apande mikorosho mipya, baada ya miaka mitano atadai maendelezo, na atakuwa na hoja. Mkataba wa miaka mingi upelekeni halmashauri ya kijiji kama mngepeleka mauziano.

Nilikopa Sh400,000 ya salfa nikaweka shamba rehani kwa mtu. Nimeshindwa kulipa, anasema sasa ni lake.

Deni ni deni, ila shamba haligeuki kuwa lake kwa sababu siku imepita. Rehani haihamishi umiliki yenyewe. Mkopeshaji ana haki ya kudai pesa yake kwa njia za kisheria, na uhamisho wowote wa shamba lazima upite kwenye masharti yote yaliyotajwa juu: halmashauri, mwenzi, ukoo. Karatasi inayosema "nisipolipa Novemba shamba ni lako" bila hatua hizo haijahamisha kitu.

Lipa taratibu, na kila unapolipa dai maandishi. Ukikataliwa pesa, peleka kwa mtendaji wa kijiji mbele ya mashahidi.

Kangomba ni jambo la ardhi?

Kangomba ni kununua korosho kwa mkulima nje ya chama cha msingi, mara nyingi zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Ni kosa kwenye biashara ya korosho inayouzwa kwa stakabadhi ghalani. Linaingia hapa kwa sababu moja: mkulima akishindwa kutimiza magunia aliyoahidi, mnunuzi huyo huyo hurudi kudai shamba. Makubaliano haramu hayawezi kutumika mahakamani kukunyang'anya shamba.

## Ardhi ya kikundi na ya kijiji kizima

Kikundi chetu cha wanawake kiligawiwa ekari 10. Naweza kuuza fungu langu nikitoka?

Haki ni ya kikundi. Mwanachama anayetoka anapata kile ambacho katiba ya kikundi inasema atapata, kama vile sehemu ya mavuno au akiba, lakini hauzi kipande cha shamba. Hali ni ile ile kwa vikundi vya vijana na vya watu wenye ulemavu. Kama kijiji kiliweka sharti kwamba eneo hilo ni la kundi hilo tu, hata kikundi chote kikikubaliana kuuza bado kinagonga sharti hilo. Njia iliyobaki ni kurudisha ardhi kijijini igawiwe upya.

Halmashauri ya kijiji inauza eneo la malisho na kipande cha msitu. Inaruhusiwa?

Hapana. Halmashauri inasimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji. Ardhi ya matumizi ya pamoja haiwezi kugeuzwa ya mtu binafsi bila mkutano wa kijiji kuridhia. Kilwa kuna vijiji vilivyotenga misitu yao wenyewe na kuvuna mpingo kwa utaratibu. Kijiji kinauza mbao, msitu unabaki.

Kiwanja changu Msimbati kinatazama bahari. Naweza kumuuzia mtu wa hoteli?

Kwanza pima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mikoko ni hifadhi ya Serikali popote ilipo. Baada ya hapo, masharti ya mnunuzi ni yale yale ya juu.

## Mambo yakishaharibika

Niliuza bila kikao. Naweza kurudisha shamba?

Mara nyingi ndiyo, lakini jiandae kurudisha pesa, na pengine kulipia maendelezo aliyofanya mnunuzi kwa nia njema. Baraza halitakupa shamba na pesa vyote viwili. Usichelewe: muda wa kudai ardhi ni miaka 12 kwa Sheria ya Ukomo.

Nimeondoka kijijini miaka saba, shamba limekuwa pori. Wamelichukua.

Ardhi isiyotumiwa kwa miaka isiyopungua mitano inaweza kuhesabiwa imetelekezwa, ila halmashauri ya kijiji haiwezi kuamka tu ikaligawa. Lazima itoe notisi na ikupe nafasi ya kujieleza. Kama ulimwachia ndugu au kibarua alitunze, hujalitelekeza. Ukisafiri, acha barua ofisi ya kijiji ikimtaja msimamizi.

Dalali ananunua mashamba kwa haraka maana "mradi unakuja".

Tulishuhudia haya kwenye gesi, Madimba na Msimbati kwa Mtwara, Likong'o kwa Lindi. Mnunuzi anajua fidia inakuja, wewe hujui. Fidia kisheria huhesabu thamani ya ardhi yenyewe pamoja na mazao na majengo, siyo mikorosho peke yake. Ukimkuta mtu ana haraka kuliko wewe mwenye njaa, nenda kwa afisa ardhi wa halmashauri uulize kama kuna mpango eneo hilo.

Kijiji chetu kimeingizwa manispaa. Nifuate sheria ipi?

Eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, mambo ya upimaji na hati yanahamia kwa afisa ardhi wa manispaa. Haki uliyokuwa nayo haifi. Usikubali kuambiwa umekuwa mvamizi.

Nianzie wapi kulalamika?

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu na halitoi hukumu; likishindwa, linakupa hati ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila hati hiyo, kesi yako huko itarudishwa mlangoni, isipokuwa siku 30 zimepita tangu ulalamike Baraza la Kata bila suluhu; hapo unaweza kwenda bila hati. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na kwa mikoa hii miwili kanda yake ipo Mtwara mjini, ndani ya siku 45. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya 2017 hukuandikia malalamiko bila malipo.

Baba aliuza shamba la familia bila mama kujua. Baba amefariki, mnunuzi ana karatasi yenye muhuri, na mama bado analima pale.

Mnunuzi alikuwa na wajibu wa kumuuliza baba kama mkewe ameridhia. Kama hakuuliza, kosa ni lake. Kama aliuliza na baba akamdanganya, bado mama ana haki ya kuomba uhamisho huo utenguliwe. Kwa vyovyote asihame, na asikubali kusaini karatasi ya "kuonyesha mipaka" anayoletewa jioni.

Hapa watoto hukosea jambo moja. Wanakimbilia barazani kwa majina yao kama warithi, na kesi inatupwa kwa sababu mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mama anaweza kufungua madai yake mwenyewe kwa sehemu yake kama mwenzi. Kwa sehemu ya baba, fungueni mirathi kwanza Mahakama ya Mwanzo, mteueni msimamizi, ndipo msimamizi huyo aende barazani akiwa na barua ya uteuzi mkononi.